Mzee Hali ya Hewa Aloweka Mbegu Zote

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Watu walimwita Mzee Hali ya Hewa, kwanza kwa utani, baadaye kwa heshima, maana kwa miaka mingi alikuwa akiitabiri mvua bila kukosea. Aliwatazama sisimizi wakihamisha mayai, akanusa udongo, akasema, "Kesho kutwa," na kesho kutwa ikanyesha. Majirani walikuwa wakisema redio yenyewe inangoja kwanza mzee aseme.

Kisha majira yakaharibika. Mvua ikawa inachelewa kuja na kuwahi kuondoka, kama mgeni asiyetaka hata kukaa. Wakulima hawakufunga mikono. Waliacha mahindi wakashika mtama wa muda mfupi, wakachimba mashimo ya kukinga maji, tena wakajifunza kuloweka mbegu usiku kucha kabla ya kupanda ili ziote upesi. Ila kuloweka hakuna huruma: mbegu ikishalowa ni lazima ipandwe, hairudi ghalani.

Msimu uliopita waliambulia patupu. Mbegu zilizosalia nyumbani kwa mzee zilikuwa ndoo moja tu, na za dukani zilikuwa zimekwisha. Alasiri moja mawingu mazito yakajikusanya juu ya vilima. Mzee akatoka uani, akanusa, akaita, "Mama watoto, lete maji!"

"Loweka nusu," mkewe alisema. "Nyingine tuiweke. Huko juu hakuaminiki siku hizi."

"Leo unanifundisha mvua?"

"Sikufundishi, baba. Naogopa tu."

Angemsikiliza, naamini, kama Fundi Baiskeli, jirani yao, asingekuwa ameegemea uzio akiwaangalia. Kila msimu fundi alikuja kuona mzee anafanya nini, kisha akaenda kuwaambia wengine.

"Unaloweka kiasi gani, mzee?" aliuliza.

Kusema nusu kungekuwa kukiri kwamba hajui. Na kweli hakujua. Harufu ya udongo ilikuwa hafifu, na sisimizi hakuwaona hata mmoja. Lakini kichwa kilishamvimba. "Zote," alisema, akamimina maji.

Jioni ile kila ua ulikuwa na ndoo ya mbegu zilizolowekwa.

Kulipokucha, upepo ulikuwa umeyafagia mawingu yote. Walipanda hivyo hivyo, kwa kuwa mbegu zilishaanza kupasuka, wakabeba maji ya kisima mpaka kisima kikatoa tope. Miche ikachomoza, ikanyauka. Hakuna aliyemlaumu mzee usoni. Walimwamkia, "Shikamoo," wakapita haraka, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Mkewe alizidi tu kuongeza maji kwenye uji, na mzee akawa anaunywa ameinamisha macho.

Halafu mvua ikaja. Mvua ya kweli, nzito na tulivu, ile inayoingia ardhini mpaka chini, ambayo mkulima huiomba maisha yake yote. Mzee alisimama mlangoni. Zamani, saa kama ile, njia ingejaa watu wenye majembe wakipigiana kelele na kutaniana. Sasa hakupita mtu. Maji yalijaa shimo moja baada ya jingine, na hapakuwa na kitu cha kutia ndani yake.

Fundi Baiskeli alikuja mbio, akajikinga barazani pale pale. Walisimama, kila mmoja akitazama shamba lake.

"Fundi," mzee alisema mwishowe, "hukubakiza hata kidogo?"

Fundi alijifuta maji usoni. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nibakize kwa nini, mzee?" alisema. "Si nilikuangalia wewe."