Siku Niliyouzwa Badala ya Kajiru

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yako asilisikie hili. Ni siku ambayo wanachama wa timu yetu ya Same walikutana kuamua nani auzwe Dar es Salaam, mimi au Kajiru. Nakusimulia leo kwa sababu nimeambiwa huonekani mazoezini tangu mwenzako alipouzwa, na ukitajiwa jina lake unatema mate. Mate hayo nayajua. Niliyatema kabla hujazaliwa.

Kajiru alikuwa mtoto wa Chome, huko juu karibu na msitu wa Shengena. Timu ilimchukua akiwa mdogo, ikamlea kwa makande na viatu vya kuazima, wala haikumlipia mtu hata senti. Mimi nilikuwa mshambuliaji wa timu ya shamba la mkonge huko tambarare, ambako babu yako alikuwa mkata mkonge. Same walininunua. Walitoa fedha za kueleweka, wakanipa mkataba wa miaka minne, nami nikawa napita sokoni kifua mbele. Kipya kinyemi. Watu walinisifu, nikaamini kwamba mtu aliyenunuliwa lazima awe bora kuliko aliyelelewa bure.

Shida ni kwamba Kajiru alikuwa anaujua mpira. Nilimwonea wivu, mwanangu, wivu wa kukosa usingizi. Akifunga bao nilipiga makofi huku moyo unaniwaka. Mama muuza chai wa stendi akimwongezea kitumbua, niliona nimeibiwa mimi. Na alikuwa mpole, jambo lililoniudhi zaidi, maana mtu mpole hakupi sababu ya kumchukia, inabidi uitafute mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza ulipokwisha, klabu kubwa ya Dar ilileta ombi. Walitaka mshambuliaji mmoja, yeyote kati yetu wawili, na bei ilikuwa ileile. Mweka hazina wetu, Mzee Senzota, aliyekuwa mhasibu wa chama cha ushirika kabla ya kustaafu, akashauri auzwe Kajiru. Nilipozipata habari hizo nilimfuata nyumbani kwake. Nikamtupia shikamoo ya haraka haraka, akaitikia marahaba yake taratibu, akanikaribisha kiti. Sikukaa. Nilimuuliza kama anampendelea Kajiru kwa sababu wote wawili ni watu wa Chome.

Hakukasirika. "Fedha tulizokununulia hatukuziandika zote kwa mwaka mmoja," aliniambia. "Tulizigawa kwa miaka ya mkataba wako, kila mwaka robo. Umecheza mwaka mmoja, kwa hiyo robo tatu bado zimo vitabuni. Tukikuuza leo, bei yako itafuta hizo robo tatu kwanza, ndipo tuone kama kuna faida. Kajiru hana cha kufutwa. Bei yake yote ni faida."

Akaendelea kunieleza kwamba wanachama walikwisha kukubaliana bajeti ya usajili itoke kwenye faida tu, timu isije ikala mtaji wake. Kwa faida ya Kajiru tungepata kipa na mabeki wawili, kwa sababu gharama zao nazo zingegawanywa kwa miaka ya mikataba yao. Kwa faida yangu mimi, tungebahatika kupata kipa, tena mzee. Halafu Kajiru alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu. Akiumaliza angeondoka bure, na timu isingepata kitu.

Yote hayo nilielezwa, mwanangu, tena kwa Kiswahili chepesi. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nilichosikia mimi ni kwamba Kajiru ana thamani na mimi ni mzigo, nikatoka bila kuaga.

Siku ya mkutano ilipofika, nikaomba kusema. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze: ndiva ni bwawa walilotuachia wazee wetu wa Upareni. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yashuke kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Zamu ya maji huku kwetu haichezewi. Mimi mtoto wa tambarare niliyajua hayo, nikayatumia.

"Kwenye ndiva hakuna mtoto wa nyumbani wala mgeni," niliwaambia. "Kuna zamu. Nimefunga mabao mengi kuliko Kajiru. Zamu hii ni yangu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Unatujua Wapare na haki zetu, tunavyotaniwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mzee Senzota alijaribu kueleza habari za robo tatu, lakini nani angesikiliza hesabu wakati haki inadaiwa? Mikono ikanyooshwa, nikashinda. Kajiru akaja kunipa mkono na kunitakia heri. Niliupokea mkono ule kama mtu anayerudishiwa mali yake iliyoibwa.

Kabla sijasafiri, Mzee Senzota aliniita Chome. Nikadhani ananiita kunibariki. Kumbe kulikuwa na msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, wanakijiji wakisafisha mifereji, naye akanikabidhi koleo bila maelezo. Tulizoa tope mpaka mgongo ukaniuma. Kazi ilipokwisha, ndiva ikafunguliwa, akaniambia nitembee na maji.

Shamba la kwanza lilikuwa hapo hapo chini ya ndiva. Maji yalifika yote, mahindi yakalowa mpaka shinani. Shamba la pili lilikuwa mbali, ng'ambo ya kilima, na mfereji wake ulikuwa na udongo mkavu. Nilitembea na maji nikiyaona yanapungua njiani, udongo ukiyanywa kila hatua. Tulipofika shambani yalikuwa yamebaki ya kulowesha vidole.

"Zamu zao ni sawa, na maji yametoka sawa," Mzee Senzota alisema. "Mfereji wako ni mrefu, kijana. Si kosa lako, wala si ujanja wa Kajiru. Ulidai zamu, hukuuliza mfereji."

Hakupandisha sauti, na hilo liliniuma zaidi ya matusi. Hata hivyo nilipanda basi, nikaenda Dar.

Mchuma janga hula na wa kwao. Faida yangu ilikuwa ndogo kama alivyosema, ikatosha kumsajili kipa mmoja wa makamo ambaye magoti yalikuwa yanamuuma. Mabeki hawakununuliwa. Msimu ulipokwisha, timu ya Same ikashuka daraja. Kajiru akamaliza mkataba wake, akaondoka bure, na unajua nani alimchukua? Klabu ileile niliyokuwepo mimi. Kwa kuwa hawakudaiwa ada na timu yoyote, sehemu nzuri ya fedha walimpa yeye mwenyewe aliposaini.

Akanikuta benchi. Niliomba niachwe niende timu ndogo nikacheze, wakakataa, maana gharama yangu ilikuwa bado imo vitabuni mwao na kuniachia kwa bei ya chini ilikuwa hasara ya kuandikwa siku hiyohiyo. Nikakaa pale mpaka mkataba ukaisha, nikimtazama Kajiru akifunga. Alimjengea mama yake nyumba ya bati jekundu, utaiona ukipanda Chome. Mimi nikipita hapo hutazama upande wa pili. Sitaki kukudanganya, mwanangu, ule wivu haujaniisha wote.

Sasa turudi kwako. Mwenzako timu ilimlea yenyewe, na mkataba wake ulikuwa ukingoni. Wewe walikununua juzi tu kutoka Mwanga, na gharama yako bado mbichi vitabuni. Hawakumpenda yeye wakakuchukia wewe. Walitazama mfereji. Fedha za kuuzwa kwake ndizo zitakazoleta beki wa kukulinda na kiungo wa kukupa pasi, kwa hiyo unamtemea mate mtu anayekulipia chakula. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu. Miaka ya mkataba wako itapungua, na kila mwaka unaocheza vizuri mfereji wako unakuwa mfupi zaidi. Kesho nenda mazoezini. Na huyo mwenzako mpigie simu umtakie heri, kwa sauti yako mwenyewe, kabla hajapanda basi. Mimi Kajiru alinipa mkono, na mpaka leo sijajua namna ya kumrudishia.

Mungu akulinde miguu yako, mwanangu. Akujalie mfereji mfupi, na kama amekupangia mrefu, akupe nguvu ya kuuzoa tope bila kulitolea macho shamba la jirani.