Askari Wanne Pekupeku

Harufu ya gambuti lililovuliwa baada ya kutwa nzima ya mvua si harufu ya kumsifia mtu, lakini mimi nikiisikia nacheka peke yangu. Juzi mume wangu alivua yake pale mlangoni, soksi zimelowa chapachapa, nikaangua kicheko mpaka akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu nimemkumbuka babu. Akashangaa, maana anajua fika kwamba babu mzaa baba alifariki kabla mimi sijazaliwa. Basi ikabidi nimsimulie, na ninyi nawasimulia vilevile, kwa sababu jambo hili bado linanifurahisha kupita kiasi.

Kwetu ni Rungwe, upande wa Suma, huku ambako mvua ikitaka kunyesha haimwombi mtu ruhusa. Baba yangu alilima chai na ndizi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na utani mwingi, lakini moyoni alikuwa na kidonda kimoja: hakuijua sura ya baba yake. Babu alifariki baba akiwa bado ananyonya. Kaka yake baba, ambaye alimkumbuka mzee vizuri, naye alikuwa ameshafariki, bibi pia, na wazee wa huku waliomfahamu babu kwa sura walikuwa wamekwisha. Picha hatukuwa nayo. Ile moja aliyokuwa nayo bibi iliungua pamoja na nyumba yake. Asubuhi baba alikuwa akinyoa ndevu kwenye kioo chake kidogo cha dirishani, anasimama na povu la sabuni shavuni, anatuuliza, "Hivi mzee alikuwa na pua hii, au hii nimeitoa kwa wajomba?" Sisi watoto tulidhani ni utani wake wa kila siku, tukacheka.

Tulichokijua kwa hakika ni kwamba babu alikuwa Keya, askari wa Mwingereza. Alichukuliwa yeye na vijana wenzake wa huku, wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani, akarudi mzima, akalima ndizi zake kwa amani mpaka alipofariki.

Jumapili moja, nikiwa darasa la tatu, tumetoka kanisani na tunakula ndizi kwa maziwa ya mgando, akabisha hodi mtu mmoja kutoka Lupepo anaitwa Asajile. Alikuwa amelowa mwili mzima isipokuwa kifuani, ambako alikuwa amekumbatia mfuko wa nailoni. Alikula kwanza, kama ilivyo desturi, ndipo akafungua mfuko. Ndani kulikuwa na picha kubwa, ukubwa wa jalada la daftari, rangi yake ya chai ya maziwa. Alisema ameikuta kwenye sanduku la marehemu mama yake. Baba yake naye alikuwa Keya, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba hao wanne walipigwa picha pamoja kabla ya kusafiri, na mmoja wao ni mtu wa boma letu.

Baba akaacha kutafuna. Sijawahi kumwona mtu anashika karatasi kwa uangalifu namna ile.

Walikuwa askari wanne wamesimama mstari mmoja, kaptula zimepigwa pasi, miguu pekupeku kwa kuwa walikuwa bado hawajapewa viatu. Wa kwanza alikuwa mnene. Wa pili alikuwa mrefu, kifua mbele, kofia imekaa upande, mwanamume wa kutazamwa mara mbili. Wa tatu alikunja uso kwa ajili ya jua. Wa mwisho alikuwa kafupi fulani hivi, masikio makubwa, anacheka wakati wenzake wote wamekaza midomo.

"Huyu hapa!" baba akasema, kidole juu ya yule mrefu. "Huyu ndiye mzee wangu. Ona kimo! Ona kifua!"

"Ndugu yangu, usinitanie," Asajile akamjibu. "Huyo ni baba yangu mimi."

Weee! Hapo ndipo Jumapili yetu ilipoharibika. Baba anasema pua, Asajile anasema mabega. Baba anasema nywele, Asajile anasema hiyo ni kofia, nywele umeziona wapi. Wote wawili hawakuwahi kumwona mtu wanayemgombea akiwa na umri ule, na wote wawili hawakuwa hata na habari na yule mnene wala yule mfupi. Mama yangu, ambaye alikuwa hawezi kukaa na neno mdomoni, akasema, "Baba Sekela, mtu mrefu vile akuzae wewe, unayepanda stuli kuwasha karabai?" Baba akamkata jicho, na mimi nikaficha kicheko kwenye bakuli la maziwa.

Lakini kicheko kilikwisha Asajile aliposimama na kuirudisha picha kwenye mfuko. Alisema ataipeleka kwa mpiga picha Tukuyu mjini, amkatie baba yake, wale watatu waliobaki tutaletewa tuchague. "Picha ni yangu," alisema. "Nimewaonyesha kwa wema tu." Na kweli picha ilikuwa yake. Baba alibaki ameshika kiti. Nilikuwa mtoto, lakini niliona kwamba akitoka huyu mgeni, baba atabaki na kile kioo chake cha dirishani mpaka kufa.

Ndipo mama mkubwa Subilaga alipoingia kuomba moto. Huyu alikuwa mjane wa kaka yake baba, anakaa nyumba ya pili tu, nyuma ya migomba. Alikuwa ameolewa pale babu angali hai, akaishi naye boma moja miaka na miaka. Mtu angeuliza, sasa mbona hamkumwuliza siku zote? Tungemwuliza nini? Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe wake hawatazamani. Tunaita ukutila. Mkwe akisikia mzee anakohoa njiani, anajitupa kwenye migomba au anainama na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Uso wake hautazami, jina lake halitaji. Wengine kanisani walikuwa wameshalegeza, lakini mama mkubwa hakulegeza hata uzi. Kwa hiyo sisi sote tulimhesabu kama mtu asiyejua kitu.

Asajile, kwa heshima tu, akamwonyesha picha. Mama mkubwa akashtuka, akavuta ncha ya kanga yake haraka haraka, akafunika askari wote kuanzia kiunoni kwenda juu. Asajile akacheka. Baba akaguna, "Shemeji, sasa utaona nini?"

Mama mkubwa alipiga magoti mlangoni penye mwanga, akasogeza picha karibu na macho, akaanza kupita na kidole, mguu kwa mguu, pole pole, kama mtu anayechambua maharage. Alipofika mwisho akasimama.

"Ni huyu," akasema.

Ilikuwa ile miguu ya yule mfupi.

"Huyo?" baba akauliza. "Huyo wa mwisho?"

"Shemeji, mimi uso wake siujui. Ila hii miguu nimeiinamia ujana wangu wote. Asubuhi inaenda shamba, jioni inarudi, mimi nimejikunyata naitazama. Huu wa kushoto, kidole cha pili kimekipanda kidole gumba mgongoni. Ningeutambua hata kwenye matope." Kisha akamgeukia baba na kumwambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishiwa, "Vua gambuti."

Baba akakaa chini palepale sakafuni akavuta gambuti la kushoto. Haki ya Mungu, harufu ilijaa chumba kizima, mama akaziba pua. Akavua soksi. Na pale, mbele ya macho yetu, kidole chake cha pili kilikuwa kimelala juu ya kidole gumba, kama kilivyolala siku zote tulizomwona akinawa miguu bila hata mmoja wetu kukifikiria. Asajile mwenyewe aliichukua picha akaiweka chini kando ya mguu. Akatazama picha, akatazama mguu, akasema, "Ndaga fijo, mama. Ahsante sana. Hapa hakuna kesi."

Mama akapiga vigelegele. Mimi nikaruka ruka nikamwaga maziwa na hakuna aliyenigombeza. Baba aliinua picha, safari hii akamtazama yule mfupi usoni: masikio yale yale, pua ile ile ya kwenye kioo, kicheko kile kile cha kwetu. Alilia waziwazi, hakujificha. Halafu akatoka nje mbio kwenye mvua, mguu mmoja una gambuti, mwingine mtupu, anapiga kelele boma hadi boma, "Njooni mumwone baba yangu! Njooni, nina baba!" Na watu walikuja, wakajaa mpaka uani.

Asajile aliondoka na mrefu wake, anatembea kama yeye ndiye aliyeshinda vita, ingawa mimi mpaka leo nina mashaka, kwa kuwa yeye na yule mnene walifanana mno mashavu. Alitutengenezea nakala mjini, kubwa, baba akaitundika sebuleni. Tangu siku hiyo mama mkubwa akija kwetu aliketi ameupa mgongo ukuta ule. Nilidhani macho yake hayaoni mbali.

Siku moja tulibaki wawili tu sebuleni, tunamenya ndizi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Mwanangu Sekela, yukoje?"

"Ana masikio makubwa," nikasema. "Halafu anacheka."

Kisu chake kikasimama. "Anacheka?"

"Wenzake wamenuna. Yeye anacheka mpaka meno yote yanaonekana."

Mabega yakaanza kumtikisika, nikaona naye anacheka huku anafuta machozi kwa kanga. "Na mimi miaka yote nilidhani ni mtu mkali," akasema.

Angegeuza shingo tu angemwona. Hakugeuza, wala siku ile sikuelewa kwa nini. Nilielewa nilipokwisha olewa mimi mwenyewe na kujua maana ya kuingia boma la watu na kushika heshima yako. Mama mkubwa Subilaga alimpa baba yangu uso aliokuwa ameutafuta maisha yake yote. Yeye mwenyewe alitosheka kuusikia kwa mtoto, na akafurahi.