Sehemu Aliyoitaka Mama

Mama alipopata kiharusi alikuwa bado anaishi mtaa wa Buyenzi, katika nyumba aliyoolewa. Upande wa kulia ulilegea wote, na maneno yakampungua hadi yakabaki machache ya kumtosha kwa siku. Nilimhamishia kwangu, mtaa wa Mutakura. Mimi ni mshonaji na cherehani yangu iko sebuleni, kwa hiyo nikamwekea kitanda humo humo, mbele ya televisheni, nipate kumwona ninaposhona.

Wiki za kwanza alitazama chochote kilichokuwepo. Kisha asubuhi moja, nikiwa napima kitambaa, akainua mkono wake mzima kuelekea televisheni.

"Mutoto anarudi," akasema.

"Mtoto gani, mama?"

"Anapiga hodi. Weka."

Nilifurahi. Tangu augue hakuwa ameomba kitu zaidi ya chakula na kugeuzwa, na hiki nilichoombwa kilikuwa kitu cha kupatikana. Mchana nikaenda Rohero, katikati ya mji, kwa fundi mmoja anayetengeneza simu na kujazia watu tamthilia kwenye flashi. Ni mtu mzima, mpole, anayeongea huku macho yake yako kwenye kazi. Nikamweleza: kuna mtoto alipotea, kisha anarudi kwao, anapiga hodi mlangoni.

Akaacha kazi yake kwanza. "Dada, karibu zote ziko hivyo. Iko za Waturuki, iko za Wahindi, iko za Meksiko, za Korea, za Ufilipino. Ingine ina sehemu mia, ingine mia tatu. Mi nikuwekee gani?"

"Weka zote."

Akacheka kidogo, akaweka alizoweza. Niliondoka na flashi mbili kwenye mkoba, nikijiona mtu mwenye suluhisho.

Basi tukaanza. Niliona mtoto aliyebadilishwa hospitalini, aliyeibiwa na yaya, aliyepata ajali akasahau jina lake, na mmoja aliyezama baharini akarejea na sura nyingine kabisa. Nilishona magauni ya harusi huku wana wa watu wakirudi makwao mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alipofika mlangoni nilisimamisha cherehani, nikamgeukia mama.

"Ni huyu?"

"Apana. Si ile."

Jirani yangu akaleta flashi yake. Mteja mmoja akaja na ya binti yake, imejaa mambo ya Korea. Nilirudi kwa fundi mara ya pili na ya tatu, naye kila mara alikuwa na mpya ambazo hata yeye hajazifungua. Sikuwa nimejua kwamba duniani kuna watu wengi hivyo wanaotunga mambo ya kutazamwa, na kwamba yote yanaweza kuingia kwenye kitu kidogo kuliko kidole changu. Na katika wingi huo mama alitaka kimoja tu, nami sikuwa na namna ya kukijua. Siku nyingine alilia kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linatii. Nilimfuta uso, nikaweka nyingine.

Mwezi wa pili ulikuwa unaisha aliponipa maneno mawili mapya. Nilikuwa namlisha uji.

"Gari nyekundu," akasema.

Nikaweka kijiko chini. Nililifahamu gari hilo, kwa sababu nililibuni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Pale Buyenzi nyumba moja tu ya jirani zetu ilikuwa na televisheni, na jioni wanawake wa mtaa walikaa mkekani kutazama tamthilia ya kigeni iliyosemwa kwa Kifaransa. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma, kwa hiyo nilikaa katikati yao kuwatafsiria. Kifaransa changu kilikuwa cha shuleni, cha kalamu na daftari, na nilipokwama nilijaza mwenyewe. Hakuna aliyelalamika. Katika hadithi ile kulikuwa na mama aliyemngoja mwanawe aliyesafiri. Mama yangu hakukosa hata siku moja. Kaka yangu mkubwa alikuwa amevuka kwenda Kongo kutafuta kazi ya dhahabu, na barua zake zilikuwa zimekatika mwaka mzima.

Jioni moja mama alikwenda kwenye maziko, akaikosa sehemu ile. Mimi niliiona. Mtu alifika kwa yule mama, akavua kofia, akamkabidhi koti la mwanawe. Niliyaelewa maneno yote siku hiyo, hata moja halikunipita. Mama aliporudi aliuliza kabla hajavua mtandio.

"Ule mutoto?"

"Amerudi," nikasema. "Amekuja na gari nyekundu. Amepiga hodi, mama yake akamjua kwa sauti."

"Alhamdulillahi," akasema, akakaa, akala. Ilikuwa muda mrefu sijamwona akila hivyo. Wiki ile ile wenye televisheni wakahama nayo, na hadithi ikabaki pale nilipoiacha. Kaka hakuandika tena. Hatukupata kaburi wala habari, na mimi nikasahau uongo wangu kama watoto wanavyosahau.

Sasa nilikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya hamsini, nimeshika bakuli la uji, na mama ananiomba kitu ambacho hakimo katika flashi yoyote.

Pengine ningepaswa kuacha hapo. Lakini nilikwenda tena kwa fundi, nikamweleza ile tamthilia ya zamani, sura za watu, nyumba yenye ngazi ndefu. Sijui nilitaka nini. Labda nilitumaini kwamba haipo tena. Baada ya siku nne akanipigia simu.

"Nimeipata, dada. Yote, toka ya kwanza mpaka ya mwisho."

Nilipoiweka, mama alimtambua yule mama wa kwenye hadithi mara moja. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, sauti ambayo nilidhani kiharusi kilishaichukua. Ningewezaje kuizima? Tukatazama sehemu mbili kwa siku, kisha mimi nikapunguza iwe moja. Nilisema umeme ni mdogo. Nilirudia sehemu tulizokwisha kuona nikitegemea hatagundua, naye akasema, "Ile tumeiona." Kichwa chake kilikuwa kizima kuliko nilivyotaka kiwe.

Siku ya koti ilipofika niliiruka, nikaweka inayofuata. Mama akagonga ukingo wa kitanda.

"Rudisha."

Nikarudisha. Ilikuwa saa tisa alasiri, mlango uko wazi, nje watu wanapita na mizigo yao ya sokoni. Kwenye kioo yule mtu akapanda ngazi, akavua kofia. Yule mama akalipokea koti, akalinusa. Wakaongea kwa Kifaransa.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Nilikuwa na maneno tayari. Ningeweza kusema kwamba mtoto ametuma koti mbele na yeye anakuja nyuma. Mdomo ulikataa, na ukweli nao ukakataa kutoka. Nikasema, "Sijasikia vizuri, mama."

Aliendelea kutazama. Yule mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, amelikumbatia koti. Sidhani mama yangu alihitaji mtu wa kumtafsiria.

"Amekufa," mama akasema.

"Ndiyo."

Akageuza uso kunitazama mimi, si televisheni.

"Toka lini?"

Sikujua kama anauliza juu ya mtoto wa hadithi au juu ya kaka.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Sijui kabisa."

Nikazima. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamweleza yote: ile jioni ya maziko, koti, gari ambalo halikuwepo. Nilimwambia nilikuwa mtoto, nilitaka ale. Nilimwomba msamaha. Aliniangalia muda wote, na usoni pake, ambapo nusu haikusogea tena, sikuweza kusoma kitu.

"Nigeuze," akasema.

Nikamgeuza kama nifanyavyo kila siku, nikamwekea mto mgongoni, uso ukaelekea ukutani. Nilirudi kwenye cherehani. Kulikuwa na mteja anayekuja kuchukua gauni lake jioni, na mkono mmoja ulikuwa bado haujaungwa. Tangu siku ile mama hajaomba tena televisheni. Fundi amenipigia mara mbili kuniambia amepata nyingine mpya, nami kila mara namshukuru.