Nilimpeleka mama Lubumbashi kuona musée na théâtre, akaanza kuimba katikati ya watu

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu kutoka Baraka, kando ya ziwa. Haya yalinikuta mwenyewe. Chumvi sijaongeza, pilipili kidogo labda.

Mimi ni mtu wa mipango. Safari nikiipanga mimi, wewe leta miguu yako tu.

Sasa, mama yangu alikuwa mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya ya Lubondja. Yeye anaanzisha, wengine wanampokea.

Mpaka baba alipofariki.

Baba alifia Kalemie akiwa safarini, tukamzika kulekule, kati ya watu tusiowajua. Kaburini mama akaanzisha wimbo wetu wa Kibembe wa kuaga. Hakuna aliyempokea, hawakuujua.

Mimi niliujua. Lakini nikabaki natazama viatu vyangu. Mama alimaliza ubeti mmoja akanyamaza.

Toka siku ile hakuimba tena, hata jikoni. Miaka miwili. Wakuu, nyumba ya mwimbaji isiyo na wimbo inatisha.

Nikajisemea, dawa ni kumpeleka akasikie muziki mkubwa. Boti mpaka Kalemie, kisha barabara mpaka Lubumbashi. Barabara yenyewe nisiiseme, mgongo wangu bado unaikumbuka.

Asubuhi tukaanza na musée, nyumba ya makumbusho. Nikawa guide wa kujitegemea, maelezo natoa hata ambayo sikuulizwa. Mama akasimama mbele ya kinu kilichowekwa ndani ya kioo.

"Kinu hii ilifanya makosa gani mpaka bakaifunga?"

"Mama, hiyo ni urithi."

"Na sombe banatwangia wapi?"

Sombe ni kisamvu, wakuu. Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Kwenye chumba cha michoro mama alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akasema yeye ameshaona vya kutosha. Sikukata tamaa. Silaha yangu kubwa ilikuwa théâtre ya saa kumi.

Ulikuwa mchezo wa kuimba, na magitaa na ngoma. Kwanza mambo yalikwenda vizuri, mama anatikisa kichwa, mimi najipongeza kimoyomoyo.

Kisha mwigizaji mmoja, mjane kwenye hadithi, akabaki peke yake jukwaani akimwimbia mume aliyezama ziwani. Watu wametulia kwenye viti vyao kama wanangoja daktari.

Mama akaninong'oneza, "Mbona bote banamwacha peke yake?"

"Mama, ni mchezo tu."

"Hata kama iko mchezo. Kilio haiko ya mutu mumoja."

Hapo ndipo mpango wangu ulipovunjika. Kwetu huku Fizi, mfiwa akifika mwisho wa ubeti, mtu lazima ampokee. Huwezi kumwachia kimya. Mjane akavuta pumzi, na mama akasimama akampokea.

Kwa wimbo wetu. Ule ule wa Kalemie.

Mjane alikuwa ameanza tena, akakatiza katikati ya neno. Vichwa vyote vikageuka. Mhudumu mmoja wa ukumbi akaanza kuja na tochi. Aibu ilinishika, siwafichi. Nikavuta kitenge cha mama: "Mama, kaa, batu banatuangalia!"

Hakukaa. Alifika mwisho wa ubeti, akangoja.

Wakuu, kimya kile nilikitambua. Nilishawahi kukisikia kaburini, nikiwa natazama viatu.

Nikaachia kitenge. Nikasimama, nikaitikia kwa nguvu zote. Sauti yangu ni mbaya, kila mtu Baraka anajua, lakini niliitikia mpaka mwisho.

Mama hakunitazama. Alinishika mkono tu, akaanzisha ubeti wa pili. Safari hii mjane naye akaitikia kutoka jukwaani, akibahatisha maneno, na wenye ngoma wakatufuata. Mwenye tochi aliizima, akasimama pale pale akisikiliza. Nililia bila kujificha.

Funzo langu: nilidhani mama anahitaji kusikia muziki mkubwa. Kumbe alikuwa ananingoja mimi, miaka miwili yote.

Ninyi huko kwenu mfiwa mnampokeaje? Na kuna aliyewahi kukaa kimya pale alipotakiwa kuitikia? Semeni, hapa hatuchekani.

Mimi naishia hapa. Mama anatwanga sombe uani, ameshaanzisha wimbo, na ananiita kwa hasira: "We, unangoja nini? Itikia!"