Usimwulize Anamwona Nani

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, kulikuwa na swali moja tu ambalo Bibi alinikataza kuuliza. Mengine yote aliyavumilia, hata yale ya mbinguni. Hilo moja lilimhusu mdogo wangu Okot, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, na mchezo wake wa kuinama.

Tuliishi katika kambi ya polisi hapa Kampala, nyumba ya chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba alikuwa koplo kutoka kaskazini na mama alitoka Fort Portal, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili cha kambini, kilichokatwakatwa lakini kikitosha kwa kupendana na kugombana. Mama alipomzaa Aber, dada yetu mdogo, Bibi mzaa baba alikuja kumsaidia.

Kila mlezi anaujua mchezo ule. Mtoto anasimama, anainama mpaka utosi unakaribia sakafu, kisha anachungulia kati ya miguu yake mwenyewe. Watu husema anaita wageni. Jirani yetu, Mama Nakato, alipomwona Okot hivyo alipaza sauti: "Mama Okot, ongeza maji kwa maharage, mtoto yako ameita watu!" Mama alicheka. Bibi hakucheka. Kwake mtoto haiti, anaona. Akiinama mgongo ukielekea mlango, humwona atakayeingia.

"Wewe usiulize anaona nani," aliniambia. "Akiulizwa, atajibu."

"Na akijibu?"

"Ule ametajwa, kama ako ndani, atoke nje, apige hodi, aingie tena kabla jua kuzama. Basi mgeni amekuja. Imeisha."

"Na asipotoka?"

Bibi aliendelea kuchambua maharage. "Atatoka siku ingine, peke yake. Na vile atarudi, wewe hutapenda."

Jioni moja mama alikuwa nyuma ya pazia akimwogesha Aber. Nilisikia maji kwenye beseni. Bibi alikuwa nje kwenye jiko. Okot aliinama, mgongo kwa mlango uliokuwa wazi, akatulia hivyo kwa muda mrefu kuliko kawaida, mate yakimtiririka kuelekea puani. Nilikuwa namwaza baba mdogo, ambaye kila alipotutembelea alileta mkate na kamwe hakusema anakuja lini. Nikainama karibu na sikio la Okot.

"Unaona nani?"

"Mama," akasema, akatabasamu.

Nilitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu, ni jua tu kwenye kizingiti. Nyuma ya pazia maji yalimwagika tena.

Bibi aliingia na kifuniko cha sufuria mkononi. "Amesema nini?"

"Mama."

"Nani ameuliza yeye?"

Fimbo ya Bibi ilikaa juu ya kabati, na niliijua. "Hakuna," nikasema. "Amesema tu."

"Wewe hukuuliza?"

"Sikuuliza, Bibi."

"Kama ni yake mwenyewe, ni mchezo," akasema, akarudi jikoni.

Nilikuwa bado na nafasi. Jua linaposhuka, mwanga unaoingia mlangoni hupanda ukutani, na siku ile nilikaa kwenye mkeka nikiutazama ukipanda. Nilichotakiwa kusema ni kifupi: mama, toka nje kidogo. Angetoka. Angenitania, lakini angetoka. Mwanga ulivuka kalenda, ukavuka msumari wa kofia ya baba, ukafika kwenye dari, ukaisha.

Siku nne baadaye mama alishikwa na homa kali. Baba na mwenzake walikuja kumchukua na gari la polisi. Alitoka kwa miguu yake, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. "Shika watoto," aliniambia.

Aber hakutaka maziwa ya kikombe wala kijiko. Alilia siku mbili mpaka sauti ikakauka, akabaki analia kwa mdomo tu. Jioni ya tatu alikuwa mapajani mwa Bibi, na Okot alikuwa akigongagonga kifuniko cha sufuria sakafuni. Aliacha ghafla, akasimama. Safari hii hakuinama. Aligeukia mlango na kuinua mikono yote miwili, kama alivyozoea kumwinulia mtu mmoja tu.

"Mama," akasema.

Aber alinyamaza. Aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, akaanza kuchezesha midomo polepole. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Nilisikia kile kisauti kidogo cha mtoto anayemeza maziwa, na mdomoni mwake hamkuwa na kitu.

Bibi hakutikisika. Alisema, kwa sauti ya upole aliyoitumia kumsemesha mkwe wake, "Umewaona. Sasa nenda, binti yangu."

Okot alishusha mikono, akaanza kulia.

Baba alifika giza likiingia, kofia mkononi. Alisema mama amekata roho jioni ile. Ningependa kuandika kwamba saa zililingana, lakini ndani ya nyumba yetu hapakuwa na saa, kwa hiyo siwezi kusema zaidi ya hapo. Bibi naye alifariki miaka mingi baadaye bila mimi kumwambia kwamba niliuliza.

Sasa nafundisha takwimu chuoni, upande wa Kyambogo, na tunakaa Ntinda. Ninajua kwa nini watoto huinama: wanajifunza uzito wa miili yao, na dunia iliyopinduliwa inawafurahisha. Nimewahi kumweleza hivyo mzazi mwingine bila sauti kutetemeka. Hata hivyo binti yangu Lamaro alipoanza mchezo huo, nilikuwa namnyanyua kila mara kabla hajatulia, na msichana wetu wa kazi nilimkataza kumuuliza chochote. Mke wangu Sanyu aliliona hilo. Yeye peke yake ndiye niliyemsimulia habari ya mkeka na mwanga ukutani. Alinishika kisogo, akaniacha nimalize.

Mtoto wetu wa pili, wa kiume, alikuwa na wiki saba Lamaro alipoinama sebuleni, mgongo kwa mlango, mimi nikiwa upande wa pili wa chumba. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sanyu alinitazama usoni.

"Unataka nitoke?"

"Hajaulizwa."

"Nimekuuliza wewe. Nitoke?"

"Toka tu."

"Na hizo digrii zako mbili," akasema. Alinipa mtoto, akavaa sapatu, akatoka na kufunga mlango. Kisha akabisha. "Hodi hapa!"

"Karibu," nikajibu.

Aliingia kwa heshima zote za mgeni, akapiga magoti mbele ya Lamaro, akampa mkono na kumuuliza habari za nyumbani. Lamaro alicheka mpaka akaketi. Jua lilikuwa bado linawaka kwenye matangi ya maji ya jirani.

Siku tisa baadaye Sanyu alisema kifua kinambana. Daktari alinieleza baadaye kwamba donge la damu lilikuwa limefika kwenye mapafu. Nilikuwa naendesha gari kumpeleka hospitali, watoto wamebaki kwa jirani, na aliacha kunijibu kabla hatujavuka taa za barabarani za Ntinda.

Nimeipima habari hii kama ninavyopima kazi za wanafunzi wangu. Sanyu alitoka, akabisha, akakaribishwa, akaingia kabla jua halijazama. Kila alichoagiza Bibi kilifanywa, na hakikusaidia. Kwa hiyo hata ningesema ukweli siku ile, mama angekufa. Mtoto yule aliyekaa kwenye mkeka hakumuua mtu. Nimeishi zaidi ya miaka thelathini nikilihitaji jibu hilo, na aliyenipa ni mke wangu, kwa njia ambayo nisingemwomba. Kama ningeulizwa, ningechagua kubaki na hatia yangu.

Lakini hesabu hiyo inaeleza kuondoka tu. Koo la Aber likipanda na kushuka halimo ndani yake, na sijapata mahali pa kuliweka.

Juzi jioni nilikuwa nampa mdogo chupa. Lamaro aliacha vikombe vyake katikati ya sebule, akainama, mgongo kwa mlango. Sikumnyanyua. Alitulia hivyo kwa muda mrefu.

"Lamaro," nikasema. "Unaona nani?"

"Mama."

Mdogo aliachia chupa, akageuza kichwa.

Niliinuka naye begani, nikafungua mlango mpaka mwisho. "Karibu," nikasema. Kisha tukakaa sakafuni, sisi watatu, na sikuufunga hata mbu walipoanza kuingia.