Farasi Aliyewaumbua Waliomnenepesha

Saa kumi na mbili asubuhi, mwanamke mwenye mabuti ya mpira anatumbukiza majani makavu ndani ya pipa la maji na kuyakandamiza kwa mikono miwili, kama anayefua blanketi. Maji yanageuka rangi ya chai. Nyuma yake, mlango wa mbao unatikisika kwa mateke. Kuna mtu anataka chakula chake, na anakitaka sasa hivi.

"Subiri, bwana mkubwa," anasema bila kugeuka. "Sukari itoke kwanza."

Bwana mkubwa ni farasi wa kahawia anayeitwa Kitambi. Jina hilo hakuzaliwa nalo, amelipata kwa kula. Mwanamke ni mtunza farasi, na watu wa bandani humwita Mama Hatamu. Kazi yake ni kumkondesha Kitambi kabla Kitambi hajafa.

Mnyama afe kwa shibe? Mwandishi wa makala haya alicheka aliposikia hivyo.

"Usicheke," Mama Hatamu anamkatiza. "Farasi akinenepa kupita kiasi, mguu huvimba ndani ya kwato. Na kwato ni ngumu, haitanuki. Fikiria umevaa kiatu cha chuma, halafu mguu ukafura humo humo."

Mwaka jana Kitambi alishikwa na maradhi hayo. Alisimama ameegemea nyuma, kwato zimepata moto, anatetemeka, hathubutu kupiga hatua. Daktari wa mifugo alimtibu, kisha akasema wazi: yakimrudia, atachomwa sindano alale moja kwa moja.

Mwenye banda, mzee aliyefiwa na mkewe, mwenye sauti ya chini, alimwita Mama Hatamu siku hiyo hiyo. "Mkondeshe huyu," alimwambia. "Alikuwa wa mama watoto. Yeye nimeshamzika, sitaki kumzika na farasi wake."

Kumbe kumkondesha farasi si kumfungia chakula. Akinyimwa ghafla, mafuta humwagika kwenye damu na kumuua upesi kuliko unene. Ndiyo maana Mama Hatamu huroweka majani kupunguza sukari, kisha huyaning'iniza kwenye nyavu katika pembe za uwanja zinazoachana mbali. Kila tonge lina safari yake. Kwato zilipopoa, alianza kumpandisha kilima, pole pole.

Wiki zikapita. Mkanda wa tandiko, ambao ndio mizani yake, haukusogea hata tundu moja.

"Nilianza kujitilia shaka," anasema. "Kazi hii nimeifanya miaka ishirini, tena mshahara wenyewe wa kula na kuvaa tu. Nikajiuliza, au nimezeeka?"

Ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo linasimuliwa bandani. Alimvisha Kitambi kamba shingoni, lakini hakumwongoza. Akamwambia, "Leo mwenyeji ni wewe. Nitembeze."

Kitambi hakusita. Alikwenda moja kwa moja hadi dirisha la jikoni na kuingiza kichwa. Mpishi, akiwa ameinamia sufuria, alinyoosha mkono kwa mazoea na kutoa nusu ya mkate. Kutoka hapo farasi akaelekea getini, ambako mlinzi alikuwa tayari anatoa maganda ya ndizi mfukoni.

"Kidogo tu, dada!" mlinzi alijitetea. "Nilijua mnamnyima wote, nikasema angalau mimi nimhurumie."

Hivyo ndivyo kila mmoja alivyodhani, kwamba mwenye huruma ni yeye peke yake. Mama Hatamu alitaka kucheka, lakini Kitambi alikuwa hajamaliza. Alizunguka nyumba kubwa, akasimama chini ya dirisha la chumba cha kulala na kugonga kioo kwa pua. Dirisha likafunguka. Mkono ukatoka na sukari kiganjani.

Ulikuwa mkono wa mzee.

"Niliangalia chini," anasema Mama Hatamu. "Utamwambia nini anayekulipa? Lakini nikasema: shikamoo mzee, mkono huo ndio utakaomuua."

Mzee mwenyewe haoni haya kulisimulia. "Mke wangu alikuwa akimpa sukari dirishani pale kila asubuhi. Alipofariki, farasi aliendelea kuja kugonga. Mwanangu, ningemfungia dirisha kwa moyo gani?"

Hata hivyo, alilifunga. Mpishi na mlinzi nao walipewa adhabu ya kumtembeza Kitambi kwa zamu, na mlinzi mwenyewe sasa anakaza mkanda wa suruali. Juzi daktari alipapasa ubavu wa farasi na kupaza sauti, "Mbavu! Kumbe anazo!"

Lakini mvua ziko karibu, na majani machanga yana sukari tele. "Akivuka msimu huu kwato zikiwa baridi, namtia tandiko," anasema Mama Hatamu. "Nataka abebe mtu tena."

Kuna jambo jingine analolitaka leo. Tangu afunge dirisha, mzee hajamsogelea farasi. "Mkono mtupu haulambwi," husema. Mama Hatamu amemshawishi akasimame juu ya kilima, hana kitu mfukoni.

Anamfungua Kitambi kamba.

Farasi anainua masikio. Anatembea, anakimbia kidogo, kisha anakwenda shoti kupanda kilima. Ardhi inatetemeka hadi nyayoni, misuli inapanda na kushuka chini ya ngozi inayong'aa, na mpishi aliyechungulia dirishani amesahau mwiko mkononi. Ni vigumu kuamini kwamba nguvu zote hizi zilikuwa zimefukiwa ndani ya mnyama yule yule.

Anasimama mbele ya mzee. Ananusa kiganja, ananusa cha pili, anapekua mfuko wa koti. Hakuna kitu. Mzee amefumba macho.

Kitambi anashusha kichwa chake kizito, anakiegemeza kifuani mwa mzee, anatulia.

Huku chini, ni wakati wa kumrudisha bandani. Mama Hatamu ameshika kamba, wala hamwiti.

"Atakuja," anasema, akijifuta macho kwa kiwiko. "Leo achelewe tu."