Jina Lililokuwa la Salima

Mwanangu, mjukuu wangu, ipo siku moja ambayo naikumbuka mpaka rangi ya kanga niliyovaa, na nilikuwa nimeshaamua kufa nayo moyoni. Lakini jana ulipokuja kuniaga, ukasema umechaguliwa kwenda kujitolea kwenye kisiwa huko bahari ya Pasifiki ambako wakimbizi wamekwama, hawana pa kwenda wala pa kurudi, nikaona nisipokusimulia sasa sitakusimulia tena. Ulinionyesha hicho kisiwa kwenye simu yako. Mimi niliona maji matupu. Lakini watu waliokwama kisiwani nawajua, maana hata mimi niliwahi kujitolea. Kunywa chai yako, usiiache ipoe.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, nakaa Temeke, upande wa Mtoni. Zilikuwa enzi za ruksa, mitumba ndiyo imeingia kwa wingi, na mimi nilikuwa na meza yangu ya magauni sokoni. Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikaa Salima, shoga yangu tangu tuko chuoni tukisoma Kurani. Salima hakuwa na meza wala kibanda. Kazi yake ilikuwa kukanda wazazi, aliirithi kwa bibi yake. Mwanamke akijifungua anaitwa Salima. Anakuja kila siku kumkanda mgongo na kiuno kwa maji ya moto, anampikia uji wa pilipili manga, anamfunga tumbo kwa kile kitambaa kirefu tunachokiita mkaja, mpaka siku arobaini zinatimia.

Basi, ndiyo miaka ile ya vita kule Somalia. Watu wa Barawa, mji wa pwani ya huko, walikuwa wanakimbia kwa boti, na boti mojawapo likafa mashine, likawaacha kwenye kisiwa kidogo cha mchanga na vichaka nje ya Kigamboni. Walikuwa watu kama sitini. Wakaambiwa wasubiri hapohapo mpaka wakubwa waamue watapelekwa wapi. Kisiwa chenyewe hakina kisima. Hata tone la maji ya kunywa lilikuwa la kuletewa.

Wa kwanza kuwaendea nilikuwa mimi. Nataka hilo ulijue, na ona jinsi ninavyolisema mpaka leo, uzee wote huu, bado nataka lijulikane. Habari niliileta mimi mtaani. Nilipita nyumba kwa nyumba nikikusanya unga, sukari, sabuni na madumu ya maji. Nikampata Mzee Kombo wa Kigamboni, mwenye boti la mashine, akakubali kutuvusha mara mbili tatu kwa wiki, watu kumi na wawili, wasizidi. Nikanunua daftari, nikawa ndiye mwandishi wa zamu. Asiyeandikwa hapandi. Na Salima nilimwita mimi mwenyewe, nikamgongea mlango nikamwambia, "Njoo shoga, kuna thawabu huku."

Akaja. Mwanangu, laiti ningejua.

Mimi nilikuwa nikifika kisiwani nafanya kazi. Napanga watu foleni, nagawa maji kwa kikombe, nakemea wanaojipenyeza. Jasho linanitoka. Salima yeye anavua viatu, anakaa mchangani. Wabarawa wana Kiswahili chao, chenye ladha yake, ukikisikia mara ya kwanza unaweza kudhani wanakutania. Mimi nilikuwa nawajibu kwa kelele, kana kwamba ni viziwi. Salima alikuwa anawauliza neno hili mnalitamkaje, lile mnaliitaje, anacheka, wanacheka naye. Watoto wanamsuka nywele. Wazee wanampa habari za nyumba zao walizoziacha. Sabuni wanaipokea kwangu, wanakwenda kumshukuru Salima!

Wiki ya pili nilishuka siku moja botini bila yeye, nimebeba dumu kichwani na jingine mkononi. Watoto walikuja mbio mpaka majini, wakachungulia nyuma yangu, wakauliza, "Salima yuko wapi?" Hata salamu hawakunipa. Nilichomwa, mwanangu. Nilisikia wivu ukinipanda, na sikuuita wivu. Niliuita uchovu. Nilijiambia huyu mtu hana nidhamu, anakuja kucheza, kazi nafanya mimi. Nikaanza kuvaa doti zangu mpya za kanga kwenda kule kwenye mchanga, ilimradi na mimi nitazamwe. Nikaanza kuwagawia watoto peremende. Walizila, wakamkimbilia Salima na midomo imejaa.

Miongoni mwa wale watu alikuwepo binti mmoja anaitwa Batuli, mja mzito wa miezi tisa, mimba ya kwanza. Mume wake walipoteana naye bandarini wakati wa kupanda boti. Batuli alikuwa na hofu ya kujifungua, hofu ya kweli, mpaka hali chakula. Mtu aliyeweza kumlisha alikuwa Salima peke yake. Akamwahidi mbele yetu wote: "Usiogope mdogo wangu. Siku ya uchungu nitakuwepo, nitakupokelea mtoto na nitakukanda kama nilivyowakanda wenzio wote." Batuli akamshika mkono, akasema akiwa wa kike atampa jina la Salima.

Unajua kwetu pwani mtoto akipewa jina la mtu, mtu huyo anakuwa somo wake. Si jambo dogo. Mtoto ni kama wako. Nilikaa na neno lile siku tatu halinitoki. Niliyewaleta watu pale ni mimi, jina liwe lake?

Sasa ile siku. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimevaa kanga ya zambarau yenye maua meupe. Ijumaa Mzee Kombo alikuwa amepita kisiwani, akaniletea habari kwamba Batuli ameanza kuumwa kiuno, basi Salima asikose. Nikamwambia nitamfikishia. Sikumfikishia. Lakini Salima ana hesabu zake za miezi, hakuhitaji kuambiwa. Tulipokuwa tunapakia madumu pale ufukweni Kigamboni nikamwona anakuja mbio kutoka kwenye pantoni, kifurushi kifuani, kanga inamdondoka.

"Shoga, nimewahi," akasema.

Nikafungua daftari. Nilijua fika alichoandikiwa, maana niliandika mimi. "Leo jina lako halimo. Zamu yako Jumatatu."

"Zainabu, Batuli si yuko karibu? Nijibane hata pembeni."

"Boti limejaa, shoga. Nikikuruhusu wewe, kesho watataka wote."

Angegomba, pengine ningerudi nyuma. Hakugomba. Aliniamini. Akanipa kile kifurushi: pilipili manga, unga wa uji, mafuta ya nazi, na mkaja wa bibi yake, umelainika kwa kuwafunga wanawake wa miaka mingi. Akasema, "Basi mpe Batuli. Mwambie mie nakuja Jumatatu, asiogope. Na kama ataanza leo, nyie mkandeni, maji yawe ya moto kweli."

Nikapokea.

Tulimkuta Batuli ana uchungu tangu alfajiri. Bikizee wao mmoja, mkunga, alikuwa naye chini ya turubai. Batuli aliponiona tu akainua kichwa. "Salima?"

Nilikuwa na jibu la kweli mkononi, kwenye kifurushi kile. Ningefungua mdomo tu. Badala yake nikasema, "Salima kachoka, mdogo wangu. Kasema safari zimemshinda. Lakini mimi nipo."

Hakulia. Aligeuza uso upande wa turubai, na tangu saa hiyo mpaka mtoto anatoka hakumuita mtu yeyote. Nilimshika mabega saa nzima, alikuwa mgumu kama ananikataa. Mtoto alitoka baada ya adhuhuri, wa kike, mzima, ana sauti. Yule bikizee akamweka mikononi mwangu. Nikachemsha maji, nikamkanda mama yake kama nilivyokuwa namwona Salima akifanya, nikamfunga kwa mkaja wa bibi yake Salima. Wakaniuliza nimeutoa wapi mkaja mzuri vile. Nikasema nimekuja nao.

Jua lilikuwa bado juu Batuli aliposema, kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nimemwekea jina la Salima. Lakini mtu aliyetuchoka tutamuitaje kila siku? Aitwe Zainabu."

Nilifurahi. Sikufichi, nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele. Wenzangu botini walinishangilia njia nzima, "Somo huyo! Somo huyo!" Mzee Kombo alikuwa ameshika usukani, hacheki. Tulipofika, kila mtu ameshuka, akaniambia, "Hongera, Zainabu. Ila boti langu nalijua. Leo tumekwenda kumi na mmoja."

Furaha yangu iliishia hapo.

Nikasema Jumatatu nitatengeneza. Salima atakwenda, wataonana, nitajieleza kwa namna yoyote. Jumapili likaja boti la serikali, likawachukua wote kupelekwa kambi ya mbali bara. Jumatatu Salima alifika pale ufukweni akaambiwa hakuna mtu tena. Akaja kwangu moja kwa moja.

"Kajifungua?"

"Kajifungua. Mtoto wa kike."

Akanitazama, akingoja. Nilijua anangoja jina. Kisha akauliza, "Aliniulizia?"

Na mimi, mwanangu, nikasema, "Hapana."

Mwaka mzima tulikaa na uongo ule katikati yetu, yeye hajui. Nikapata mimba yangu ya kwanza, nikamzaa mjomba wako Idi. Siku ya pili tu mlango ukagongwa, Salima na ndoo ya maji ya moto. Sikumwita. Niliona haya kumwita. Akanilaza kwenye mkeka, akaanza kiuno. Wiki nzima nilivumilia. Siku ya nane nikiwa nimelala kifudifudi, simwoni uso, nikamwambia yote. Daftari, nafasi iliyobaki botini, mkaja, alivyouliziwa na nilivyojibu, jina.

Mikono yake ikasimama mgongoni kwangu. Nikangoja anipige, na ningeshukuru.

"Alipata uchungu mrefu?" akauliza.

"Tangu alfajiri mpaka baada ya adhuhuri."

"Alichanika?"

"Hapana."

"Maji yalikuwa ya moto kweli?"

"Ya moto kweli."

Akachovya kitambaa, akakikamua, akaendelea kunikanda mpaka akamaliza. Kesho yake akaja. Akaja siku zote arobaini, hakuruka hata moja, na mikono yake haikuniumiza. Ila tangu siku ile hakuniita shoga tena. Aliniita Mama Idi. Mpaka tulipomzika alikuwa ananiita Mama Idi.

Tuliandika barua mbili kambini, yeye na mimi, kumtafuta Batuli. Hazikujibiwa. Labda hazikufika, labda walishapelekwa nchi nyingine.

Kwa hiyo nisikilize. Huko unakokwenda utafanya kazi mpaka mgongo uume, na atakuwepo mwenzio ambaye kazi yake huioni, naye ndiye watakayempenda. Wivu utakupata. Usijidanganye kwamba wewe ni mwema kuliko mimi, mwema pia unampata. Siku hiyo usiuite uchovu, wala usiuite nidhamu. Uite wivu, na kama una daftari mkononi mpe mtu mwingine aandike. Ukipewa salamu uzifikishe kama zilivyo, maana mtu aliyepoteza nyumba yake hana akiba nyingine ila kujua nani yuko naye. Mimi niliwapelekea maji watu wale, kisha nikamnyang'anya Batuli kitu kimoja alichokuwa amebaki nacho.

Huko duniani yupo mwanamke mzima anaitwa Zainabu. Pengine ana watoto. Na akimuuliza mama yake jina hili limetoka wapi, anaambiwa Temeke kulikuwa na mama mmoja mwema sana, wengine walipotuchoka yeye alibaki.

Nenda, mwanangu. Mungu akuvushe salama na akurudishe kwangu ukiwa mzima. Akujaalie huko upendwe. Na akimjaalia mwenzio badala yako, akupe moyo wa kumsogezea nafasi botini.